Kuziba gego kwa dawa nyeupe: uzoefu wangu

Kwa wanaouliza kama dawa nyeupe inadumu kwenye magego: yangu inadumu, natafunia hadi mahindi ya kuchoma. Ila hii ni ya mara ya pili kwenye jino lile lile. Ya kwanza niliwekewa kliniki moja hapa Dar, wakaijaza shimo zima kwa mkupuo, wakamulika taa, nikaambiwa nenda. Haikuchukua muda nikawa naruka nikinywa maji baridi, kisha pembezoni ukatokea mstari wa kahawia.

Daktari wa pili alinieleza vizuri. Ile rezini (plastiki ndiyo hiyo dawa nyeupe), ambayo msingi wake ni kemikali iitwayo Bis-GMA ya Mmarekani Rafael Bowen (hataza yake ni ya 1962), ikigandishwa kwa mwanga molekuli zake hushikana na kusogeleana, hivyo hunywea kwa takriban asilimia 2 hadi 3 ya ujazo. Kidogo, lakini kinatosha kuibandua kwenye ukuta wa jino. Wataalamu wamepunguza tatizo kwa kuongeza chembe ndogo sana za kioo na silika zilizopakwa silani, kemikali ya kuunganishia, ili zishikane na rezini. Tatizo halijaisha, ndiyo maana dawa ya kawaida inawekwa kwa matabaka yasiyozidi milimita 2, kila tabaka na taa yake. Zipo mpya za kujaza milimita 4 kwa mara moja, kwangu hakuitumia.

Alitandaza mpira kuzunguka jino mate yasiingie, akapaka jeli ya asidi ya fosfori ili jino likwaruke na gundi ishike, akaosha, akakausha kwa upepo. Kwenye kioo niliona ukingo wa jino umefifia, mweupe kama chaki. Ndipo ikaja gundi, kisha tabaka la kwanza. Mwishoni nikang'ata karatasi ya rangi, akasaga palipozidi.

Kasoro zipo. Bei inauma, na taya nayo: unaachama muda mrefu mno. Kama shimo limeshuka chini ya ufizi na damu haikauki, msikilize daktari akikushauri kitu kingine, maana rezini na unyevu haviivi chungu kimoja. Mimi ningeilipia tena, kwa huyu daktari. Kabla ya kulipa ulizeni mambo mawili: mnatumia mpira? Mnaweka kwa matabaka? Pale kwa kwanza mpira sikuuona kabisa, pamba tu.