Zachman au TOGAF: Upi Uongoze Usanifu wa Taasisi?

Usanifu wa taasisi ni kupanga jinsi shughuli, taarifa na mifumo ya kompyuta ya taasisi vinavyofanya kazi pamoja. Mfumo wa Zachman, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1987, sasa ni jedwali la safu mlalo 6 na safu wima 6 linalopanga maelezo ya taasisi kwa maswali ya nini, vipi, wapi, nani, lini na kwa nini. Haukuelezi uanzie wapi. TOGAF, mbinu ya usanifu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1995, hukupa hatua za kufuata, kuanzia dira hadi usimamizi wa mabadiliko, lakini hudai mafunzo na muda, na asiyeipunguza huzama katika nyaraka. Kwa utunzaji, jedwali la Zachman ni jepesi, ingawa visanduku vyote 36 vikijazwa (sishauri) huchakaa upesi. Taasisi isiyojua hata ina mifumo mingapi ya kompyuta itafaidika na Zachman. Inayounganisha mifumo ya idara nyingi itahitaji TOGAF.