TAHADHARI: Wasioona tunauziwa NVDA kwa "leseni ya mwaka", na visafisha kompyuta tusivyoweza kuvisoma

Ndugu zangu tusioona, na ninyi mnaowanunulia kompyuta wazazi au wadogo zenu wasioona, someni hii kabla hamjatuma hela.

Nimepoteza kuona ukubwani. Simu naimudu kwa TalkBack, ile sauti inayosoma skrini ya simu za Android, ila kompyuta ilikuwa ngeni kwangu, na ugeni huo ndio ulionigharimu. Nilinunua laptop iliyotumika Kariakoo kwa laki nne na nusu. Muuzaji alipoona fimbo nyeupe akabadilisha sauti, akawa mpole kama mtu aliyekuja msibani. "Mzee wangu, wewe nakuwekea mfumo maalumu wa wasioona." Mfumo wenyewe ulikuwa NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini ya kompyuta, leseni ya mwaka 120,000, na programu ya kusafisha kompyuta na kuiongezea kasi, 60,000 kwa mwaka. Juu yake akaniwekea AnyDesk, ili kompyuta ikisumbua anitengenezee akiwa hukohuko dukani. Hiyo alisema ni zawadi. Nikalipa kwa simu, na jina lililotajwa kwenye ujumbe wa malipo halikuwa lake wala la duka. Hapo ndipo ningeshtuka. Sikushtuka.

Basi jueni: NVDA haiuzwi. Ni kisoma skrini cha bure, kilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, naye mwenyewe haoni, na baadaye akaungana na James Teh, asiyeona vilevile, wakaunda shirika la NV Access. Unaipakua kwenye tovuti yao, nvaccess.org. Utaombwa mchango, ukiwa nao toa, usipokuwa nao endelea kupakua. Hakuna mwaka, hakuna leseni ya kuhuisha. Fundi akikutoza elfu kumi ya kukusakinishia na kukuelekeza, hiyo ni jasho lake, halali yake. Akikutoza kwa ajili ya "leseni", amekupiga.

Lakini NVDA ni sehemu ndogo ya kisa. Iliyonitesa ni ile ya kusafisha.

Kila wiki ilikuwa ikitoa mlio, nami nikiifungua na kupiga Tab, NVDA inasema "kitufe". Tab tena, "kitufe". Tab, "kitufe". Saba mfululizo, vyote bila jina. Wanaojua watanielewa: aliyeitengeneza alichora vitufe kama picha bila kuvipa majina, kwa hiyo kisoma skrini hakina la kusoma. Nikipiga simu dukani naambiwa, "Mzee, hapo imeandika makosa elfu moja mia tatu, ngoja niingie." Anaingia kwa AnyDesk, anafanya anayoyafanya, kisha ananiambia nitume elfu kumi na tano. Mara tatu nimetuma. Na kila anapoingia ombi lake la kwanza ni hili: "Zima kwanza hiyo sauti, inanivuruga." Nami nazima! Ni sawa na mwenye macho aambiwe ajifunge kitambaa usoni wakati mgeni anapekua kabati lake.

Aliyenifumbua ni mpwa wangu, mwanafunzi tu, wala si mtaalamu. Alinifundisha kwamba NVDA ina namna ya kusoma hata maandishi yaliyochorwa kama picha: dirisha likiwa wazi, bonyeza Insert pamoja na R. Nikabonyeza. Ikasubiri kidogo, kisha ikaanza kunisomea dirisha lote, na juu kabisa ikasema kwa Kiingereza kwamba hili ni toleo la bure kwa matumizi binafsi. Elfu sitini kwa mwaka, na mara tatu za elfu kumi na tano juu yake, kwa kitu cha bure.

Hatukuishia hapo. Tulihamisha mafaili yangu, tukafuta kila kitu, Windows ikawekwa upya. Mpwa akairudisha ile programu makusudi, kabla hata sijafungua barua pepe. Ikapiga kelele: makosa zaidi ya mia sita. Kompyuta haijamaliza saa moja tangu iwekwe upya, makosa yametoka wapi?

Mchezo huu hata kwa wanaoona upo. Mwaka 2019, Marekani, maduka ya vifaa vya ofisi ya Office Depot na mshirika wao Support.com walikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 baada ya tume ya biashara ya huko, FTC, kuwashtaki. Wafanyakazi walikuwa wanamuuliza mteja maswali manne, kama vile kompyuta inakwenda polepole, au inazima yenyewe. Ukijibu ndiyo hata kwa moja, programu inatangaza ina dalili za virusi. Ule "ukaguzi" uliokuwa ukionekana kwenye skrini haukuhusika na jibu hilo. Mwaka 2024 zikafuata Restoro na Reimage, kampuni za Cyprus, zikakubali kulipa dola milioni 26, kwa madai yanayofanana. Na hata kisafishaji halali kina hatari zake: mwaka 2017 kisafishaji maarufu CCleaner, toleo la 5.33, lilisambazwa kutoka kwa kampuni yenyewe likiwa limeshapandikizwa virusi, na watu zaidi ya milioni mbili wakalipakua. Hao wenye macho. Sisi tunaoambiwa "imeandika hivi" tuko wapi?

Rafiki yangu mwalimu alipigwa kwa njia nyingine. Aliuziwa JAWS, kisoma skrini kingine, "ya maisha" kwa laki mbili. JAWS ni ya kulipia kweli, na bei yake halali ni kubwa kuliko hiyo kwa mbali. Dukani ilizungumza vizuri, akafurahi. Nyumbani ikawa inanyamaza ghafla katikati ya kazi mpaka aiwashe upya kompyuta. Mwishowe akapima kwa saa: dakika 40 kila mara. JAWS isiyo na leseni ndivyo inavyofanya kazi, inakupa dakika 40 za majaribio kisha inataka uwashe upya. Kwa hiyo ukiuziwa JAWS, kaa dukani saa nzima. Omba kiti, omba na chai. Muuzaji asiyekubali ukae ana sababu.

Sasa mimi nafanyaje? Kompyuta yoyote ya Windows 10 au 11, nikiishika tu, nabonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na Enter. Narrator, kisoma skrini cha Windows yenyewe, inaanza kuzungumza, imo ndani tayari, haihitaji fundi. Ikizungumza, najaribu mwenyewe kila programu ninayotaka kuuziwa. Ikisema "kitufe, kitufe" naiacha hapohapo, hata kama duniani wote wanaisifu. Kusafisha takataka nafanya ndani ya Settings, System, kisha Storage; kila kitu kina jina. Virusi nawaachia Defender, kinga ya virusi ya Windows, ambayo imo bure na nikiiomba ikague inanisomea matokeo. Visafisha rejista, yaani vinavyofuta mambo katika hazina ya mipangilio ya Windows, siviweki kabisa, hata Microsoft wenyewe wanasema hawaviungi mkono. Na wakati wa kusakinisha chochote nasikiliza visanduku vilivyokwisha kuwekewa tiki, maana humo ndimo wanamopitisha programu usizoziomba.

Msaada wa mbali sijauacha, ila nimebadilisha njia. Kuanzia NVDA toleo la 2025.1 kuna Remote Access, njia ya kuingia kompyuta kwa mbali, ndani yake. Mpwa anaingia kwa msimbo ninaompa mimi, anatumia kibodi, na kila anachogusa nakisikia. Tukimaliza nakata.

Kama umeshapigwa kama mimi: ondoa AnyDesk leo, usingoje kesho. Kwa simu yako, si kwa kompyuta hiyo, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kisha ya benki, kisha nyingine. Ujumbe wa malipo usiufute. Wangu niliupeleka polisi pamoja na risiti, na yule kijana, tangu aliposikia neno polisi, simu yangu haipokei. Juzi nimeambiwa ameanza kuwapigia wazazi wenye watoto wasioona walioko shule, akijitambulisha kama mtu wa "mfumo wa taifa wa wasioona". Akikupigia, mwambie akutajie tovuti ya NVDA, halafu subiri.