Tathmini ya Huduma: Kiharusi cha Ateri ya Percheron na Kliniki ya Warfarini

Huduma ninayoitathmini ni ya hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam, alikotibiwa mama yangu mdogo kiharusi ambacho hakikumpinda mdomo wala kumlegeza mkono, bali kilimtia usingizi mzito, na hata alipofumbua macho hakuweza kuyainua juu wala kukumbuka alichoambiwa punde.

Kipimo cha CT, yaani picha ya ubongo kwa eksirei, hakikuonyesha kitu. Hapo ndipo madaktari walipostahili sifa, kwa kuwa hawakuishia kwenye jibu hilo na kumtibu malaria tu, bali waliagiza MRI, picha ya kina zaidi, nayo ikaonyesha madhara pande zote mbili za thalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayotuwezesha kuwa macho. Kwa kawaida kila upande una mishipa yake midogo, lakini watu wachache huzaliwa na ateri (mshipa wa damu) moja inayolisha pande zote mbili, iitwayo ateri ya Percheron, umbile lililoelezwa na Mfaransa Gérard Percheron katika miaka ya 1970. Bonge moja la damu likiiziba, pande zote huumia kwa pamoja.

Bonge hilo lilitoka moyoni. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha valvu ya mitra, mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliyosinyaa kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hali ambayo hufanya damu ituame katika chumba cha juu cha kushoto na kuganda.

Kliniki ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ndiyo iliyonigusa zaidi. Muuguzi hakumkataza mama mdogo mchicha wala kisamvu, mboga zenye vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Alimweleza ale kiasi kilekile kila wiki ili INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, ibaki kati ya 2 na 3. Nilipouliza kuhusu vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda visivyohitaji kupimwa damu mara kwa mara, mfamasia alinijibu kwa subira kwamba utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionyesha wagonjwa wenye valvu za namna hiyo hunufaika zaidi na warfarini.

Kasoro kubwa ni foleni: damu hutolewa alfajiri na majibu hupatikana mchana, ilhali ujumbe wa simu ungetosha. Kiwango kipya cha dawa huandikwa kwenye kadi kwa vifupisho vya Kiingereza, jambo la hatari kwa dawa inayoweza kumvujisha mtu damu. Pamoja na hayo ninaipendekeza, na anayempeleka mgonjwa aombe aandikiwe kwa Kiswahili idadi ya vidonge vya kila siku kabla hajaondoka dirishani.