Taa ya ghala la mahindi: balbu ya holda au taa iliyofungwa ya IP65?

Maghala mengi ya mahindi yana taa ile ile ya sebuleni: balbu kwenye holda, waya unaning'inia kutoka kwenye kenchi. Ni rahisi, na ikiungua unabadilisha mwenyewe. Shida ni vumbi. Kila magunia yanaposhushwa, vumbi jembamba hutua juu ya kioo na kuingia kwenye holda. Kioo cha balbu ya zamani ya wati 60 kinaweza kuzidi nyuzi 100, na vumbi likikifunika joto halina pa kutokea. Linapanda mpaka vumbi lenyewe linaanza kufukuta bila moto kuonekana. Balbu ya LED hupunguza joto, lakini holda iliyolegea bado hutoa cheche.

Taa ya LED iliyofungwa, yenye alama ya IP65, ina kifuniko chenye mpira pembeni. Ile 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. 5, inahimili maji ya kurushwa. Bei iko juu, ndiyo, ila hapa sioni pa kubana matumizi. Msimamie fundi kwenye tundu la waya: likiachwa bila kubanwa na raba yake, ile 6 haina kazi tena. Waya upite kwenye paipu panya wasiutafune, swichi ikae nje ya mlango.

Penye mashine ya kusaga, vumbi likielea hewani, hata IP65 peke yake haitoshi. Huko zinatakiwa taa zilizothibitishwa kwa mazingira ya vumbi linaloweza kulipuka.