Poulnabrone kwa basi la watalii: uzoefu wangu

Poulnabrone ni kaburi la kale la mawe huko Ireland, na kaburi lenyewe sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na dereva wa basi tulilopanda mjini Galway, ambaye ndiye huyo huyo aliyejipa kazi ya kutuongoza.

Njia nzima kuingia Burren, eneo la miamba ya chokaa lilipo kaburi, kashika maikrofoni, anatusimulia kwamba Poulnabrone ni madhabahu, eti makuhani wa Kidruidi, yaani wa dini ya kale ya Waselti, walichinjia watu juu ya lile bapa la jiwe. Jamani! Lile ni kaburi. Lina zaidi ya miaka 5,000, na hao Wadruidi ni watu wa maelfu ya miaka baadaye. Nguzo moja ya mlangoni ilipokutwa na ufa mwaka 1985, ikabidi pachimbwe. Mwanaakiolojia Ann Lynch na wenzake wakaingia kazini 1986 na 1988, wakatoa mifupa ya watu wasiopungua 33, wakubwa kwa watoto, na nyonga ya mmoja wao bado ina ncha ya silaha ya jiwe. Kwa mambo kama hayo, kuna haja gani ya kutunga?

Nikamuuliza, kwa upole kabisa, mbona hasemi habari za mifupa. Bila hata kunitazama akajibu kwamba yale ni mawe tu, nipige picha nirudi, dakika kumi na tano, atakayechelewa anaachwa.

Dakika kumi na tano! Kutoka maegesho unakanyaga mwamba wa chokaa uliopasukapasuka, nyufa za kumeza mguu, ndani yake kangaga zimeota kijani kibichi. Macho yote chini. Ukija kuinua kichwa, ndilo hilo: bapa la tani kadhaa juu ya nguzo nyembamba, limeinamia upande mmoja kama kifuniko cha sufuria kilichoachwa nusu wazi. Kamba imezungushwa usisogee, sawa, hilo naliafiki. Nikachuchumaa ili nione mwanga unavyopenya chini yake mpaka upande wa pili. Mara honi. Honi, makaburini! Ya pili akaishikilia mpaka mzee mmoja wa msafara wetu akajikwaa kwenye ufa kwa kukimbia. Kwetu gari likikutana na jeneza njiani linapunguza mwendo, redio inazimwa, hata kama marehemu humjui.

Nilitaka kutoa nyota moja. Halafu nafungua picha, roho inakataa. Kiingilio ni bure, hakuna wa kukusumbua, na mahali penyewe panakuacha huna la kusema. Haya, nyota tano. Ila nendeni na gari lenu, au la kukodi, mkae mpaka mchoke.

Hizo tano ni za kaburi, tuelewane. Lile basi nilishalifikiria hata nyota mbili, maana viti vilikuwa safi, mpaka nikakumbuka Cliffs of Moher, yale majabali ya pwani tuliyopitia pia: pale tulipewa muda tele, na akatukumbusha kwenye maikrofoni, zaidi ya mara moja, kwamba kuna duka la zawadi. Moja inamtosha.