Uzoefu wangu na maikrofoni ya Samson Q2U katika usimulizi

Huu ni mwaka wangu wa tatu nikisimulia masomo ya sauti kwa Kiswahili, na narekodia chumbani kwangu mtaani Umoja, Nairobi, ambako honi za matatu huanza kabla ya alfajiri na mvua ikipiga mabati hakuna kazi inayofanyika. Maikrofoni yangu ya kwanza ilikuwa ya kondensa, aina inayonasa hata sauti ndogo za mbali. Ilinasa sauti yangu vizuri, lakini ilinasa pia redio ya kinyozi na mwangwi wa kuta tupu, hata mteja akanirudishia sura nzima.

Ninayotumia sasa, Samson Q2U, ni ya dainamiki, aina isiyonasa kwa wepesi sauti ndogo za mbali, na husikia zaidi kilicho mbele yake kuliko kilicho nyuma, kwa hiyo niligeuza mgongo wake uelekee dirishani, kisha nikatundika blanketi mbili nyuma ya kiti changu, kwa maana ukuta ulio nyuma ya msimulizi ndio maikrofoni inaoutazama. Kelele hazikutoweka. Zilififia kiasi cha kutomsumbua msikilizaji.

Kilichonifaa kuliko vyote ni tundu la visikizi lililo kwenye maikrofoni yenyewe, ambalo hunisikilizisha sauti yangu papo hapo bila kuchelewa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikisoma kama mtangazaji wa taarifa, nikipanda na kushuka mahali palepale katika kila sentensi, na kwamba silabi za mwisho nilikuwa nazimeza. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini irabu ya mwisho ndiyo inayotenganisha "soma" na "somo", na mwanafunzi asiyeiona karatasi hana namna nyingine ya kujua nimesema lipi. Sasa nasema polepole, kwa sauti ya mtu anayemweleza mwenzake mezani.

Nikiikaribia maikrofoni mno, besi huzidi, hasa kwa sauti nzito kama yangu. Nakaa umbali wa sentimita 15 hivi, mdomo ukielekea kando kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige moja kwa moja. Katika Audacity, programu ya kurekodi isiyolipiwa, nahakikisha vilele vya sauti, yaani sehemu zake za juu kabisa, vinafika karibu na desibeli -12, ambapo 0 ndiyo kikomo ambacho sauti ikikivuka huharibika.

Msimulizi anayeishi penye kelele kama kwetu namshauri aanze na hii pamoja na blanketi zake. Somo la wiki iliyopita lilikuwa la dakika 40, nami nilirudia mistari miwili tu.