Picha ya ukutani kwa saluni ya kinyozi Mtwara: ipi ununue, ipi uiache

Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba, viti vya kinyozi Mtwara havipoi, na hapo ndipo tunakumbuka kupendezesha ukuta. Vijana wangu walitaka picha moja tu: jamaa mwenye kiduku chekundu, koti la ngozi lenye misumari mabegani, amepanda chombo kiitwacho hovakrafti, nyuma yake maghorofa yanawaka waridi na samawati kwa taa za neoni. Nimeinunua kwa namna nne. Naanza na ile ningeinunua tena kesho.

Ya kwanza ni mchoro wa mkono. Ukiona picha hii kwenye simu inakuvuta kwa mwanga, na mwanga huo simu ndiyo inautoa. Wino hautoi mwanga, unategemea taa ya saluni. Mashine ya kawaida ya kuchapa inachanganya samawati, waridi, njano na nyeusi, na rangi ya neoni haifiki huko. Waridi ile kali ilinirudia kama juisi ya ukwaju iliyolala. Mchoraji anaweza kununua rangi za kung'aa zenyewe. Ila asichore moja kwa moja ukutani kama ukuta unatoa chumvi. Rangi itavimba na kubanduka. Mpe hadibodi, ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Edward Said Tingatinga, mchoraji wa kwetu kusini, Tunduru, alijijengea jina kwa rangi za mafuta juu ya ubao wa namna hiyo. Usiitundike panapopigwa na jua, rangi za kung'aa hupauka haraka.

Mkague fundi kwa kazi zake za zamani, hasa vidole vya watu. Na mweleze chombo chenyewe. Wangu alikiwekea magurudumu ya bajaji! Hovakrafti inaelea juu ya hewa inayosukumwa chini, na si ndoto: ya Waingereza iitwayo SR.N1 ilivuka bahari kutoka Calais hadi Dover mwaka 1959. Kwa hiyo chini yake pawe na vumbi au maji yanayoruka.

Ya pili, stika iliyobandikwa kwenye ubao wa plastiki. Rangi zitapoa kidogo, lakini nywele na povu unafuta kwa kitambaa. Bei huhesabiwa kwa mita ya mraba, kwa hiyo mita 2 kwa 1.5 ni mita 3 za mraba. Pima mwenyewe kabla ya kwenda. Kwa upana huo tafuta picha yenye pikseli 4,000 hivi au zaidi, na ukiituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, la sivyo inabanwa na uso wa jamaa unatoka vigae. Omba leminesheni, ile ngozi nyembamba ya plastiki ya juu, isiyong'aa, maana saluni imejaa vioo na taa.

Fleksi, ile turubai ya plastiki ya mabango, ni ya tatu. Rahisi mfukoni, ila ndani inakunjamana na siku za mwanzo inanuka. Nje mlangoni inafaa, ikifungwa pembe zote na katikati, kwa sababu kusi likivuma kamba nne hazitoshi.

Karatasi kwenye fremu ya kioo, hapana. Unyevu wa bahari uliipiga ukungu yangu kabla ya mwaka kwisha.

Yoyote utakayochagua, lipa nusu. Nusu iliyobaki itoe ukiwa umekaa kwenye kiti cha mteja, taa zimewashwa, unaitazama.